Makerere au ng'ambo: vijana wa 1959 walipima kwa mizani gani?

Ndugu msikilizaji, majuzi baada ya sala ya magharibi jirani yangu alinibishia hodi, ameongozana na mwanawe wa tatu. Kijana alikuwa ameshika karatasi ya daftari iliyopigwa mstari katikati kwa rula. Upande wa kushoto ameandika "Faida", upande wa kulia "Hasara". Amemaliza kidato cha sita, matokeo yake mazuri, na sasa yuko njia panda. Kipo chuo kikuu cha hapa nchini ambako, akijaliwa, atapata mkopo wa serikali. Kipo na chuo kimoja cha ng'ambo, huko Asia, kilichomwahidi kumsamehe nusu ya ada. Nusu ya pili pamoja na nauli ni juu ya mzee. Upande wa faida ulikuwa na mistari saba, na wa hasara mistari saba vilevile. Ndiyo maana walikuja.

"Wewe ni mtu wa historia," baba mtu akaniambia, "hebu mpimie huyu mwenzio."

Mimi si mpimaji, na nilimwambia hivyo. Lakini karatasi ile ilinirudisha nyuma sana, hadi miaka ya 1959 na 1960, wakati vijana wa Kenya, Tanganyika na Uganda walipokuwa na karatasi kama hiyo, ingawa wengi wao waliichora kichwani tu. Leo nataka tuifunue karatasi yao. Tuone waliandika nini, na tuone vilevile yale ambayo hawakuyaandika kwa sababu hapakuwa na mtu wa kuyajua.

Tuanze na Makerere, maana enzi hizo kila mazungumzo ya elimu ya juu yalianzia pale na kuishia pale. Makerere ilianzishwa mwaka 1922 juu ya kilima kule Kampala, ikiwa shule ya ufundi. Ikakua taratibu, na mwaka 1949 ikaunganishwa na Chuo Kikuu cha London, hata mwanafunzi aliyesomea Kampala akawa anatunukiwa shahada ya London. Kijana wa Bukoba, wa Nyeri au wa Gulu aliyefika pale alivalishwa joho jekundu, akapewa chumba, akala mezani kwa kisu na uma, na akitoka alikuwa mtu mwingine kabisa. Mwalimu Nyerere alisoma pale kati ya 1943 na 1945. Mwai Kibaki alipita pale, akatoka na shahada ya daraja la kwanza katika uchumi. Benjamin Mkapa aliingia mwaka 1957 akasomea Kiingereza. Mzazi aliyekuwa na mtoto Makerere hakuhitaji kujitambulisha mahali popote.

Sasa tazama upande wa hasara. Chuo hicho kimoja kilikuwa cha nchi zote za Afrika Mashariki, na mwishoni mwa miaka ya hamsini wanafunzi wake wote kwa pamoja hawakufika elfu moja. Nairobi ilikuwa na chuo chake cha ufundi, Royal Technical College, kilichofunguliwa 1956, lakini hicho nacho kilikuwa bado kichanga. Hapa Tanganyika hatukuwa na chuo kikuu hata cha kusingizia. Kwa hiyo mlango ulikuwa mmoja, tena mwembamba, na aliyeushika ufunguo alikuwa Mwingereza. Mtihani wa Cambridge ulikuwa chujio la kwanza. Aliyepata daraja la pili pale ambapo wenzake walipata la kwanza, basi safari yake iliishia hapo: akawe karani, mwalimu, au bwana shamba msaidizi. Serikali ya kikoloni haikuona haraka yoyote. Kwa mahesabu yake, Uhuru ulikuwa bado uko mbali na wasomi wangepatikana mmoja mmoja, kama maji ya mtungi unaovuja.

Palikuwa na jambo jingine. Makerere ilikuwa na adabu zake, na aliyezivunja alitupwa nje. Mwaka 1952 wanafunzi waligoma kwa sababu ya chakula. Abu Mayanja, mmoja wa viongozi wa mgomo huo, akafukuzwa. Ajabu ni kwamba kijana huyo aliyefukuzwa Kampala aliishia Cambridge, Uingereza, kwa msaada wa Gavana Cohen mwenyewe. Sijui kama yuko mtu aliyewahi kuandika katika upande wa faida kwamba ukifukuzwa unapelekwa Cambridge. Ndivyo ilivyokuwa, na wala haikutokea mara ya pili kwa urahisi hivyo.

Ndipo akatokea Tom Mboya. Alikuwa kijana wa chama cha wafanyakazi, yeye mwenyewe hakuwahi kusoma shahada. Alikaa mwaka mmoja tu katika Chuo cha Ruskin, Oxford, mwaka 1955 hadi 1956. Pengine kwa sababu hiyo hakuiogopa Makerere kama wengine walivyoiogopa. Mwaka 1959 alizunguka Marekani akihutubia, na kila alipofika aliomba kitu kimoja: nafasi za masomo. Vyuo vikakubali, kimoja nafasi moja, kingine mbili. Tatizo likawa nauli. Watu mashuhuri wa Marekani weusi, akina Jackie Robinson mcheza besiboli, Harry Belafonte mwimbaji na Sidney Poitier mwigizaji, wakatia saini barua ya kuomba michango. Septemba 1959 ndege ya kukodi ikaondoka Nairobi ikiwa na wanafunzi 81, ikatua New York. Miongoni mwao alikuwamo Pamela Odede, ambaye baadaye aliolewa na Mboya.

Hapa niseme neno la pembeni. Watu wengi husema kwamba Barack Obama, baba yake aliyekuwa Rais wa Marekani, alipanda ndege ile. Hakupanda. Alikwenda mwaka huohuo wa 1959, lakini kwa njia yake mwenyewe, hadi Chuo Kikuu cha Hawaii. Historia ikishapendwa sana huanza kuongezewa abiria.

Mwaka uliofuata ukawa na kisa chake. Fedha zilipungua, na Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani ilikataa kusaidia. Julai 1960 Mboya akamwendea Seneta John F. Kennedy nyumbani kwake Hyannis Port, na mfuko wa familia ya Kennedy ukatoa dola 100,000. Kumbuka kwamba ulikuwa mwaka wa uchaguzi, Kennedy akigombea urais na Makamu wa Rais Nixon. Mara Wizara ileile iliyokuwa haina senti ikagundua kwamba inazo fedha za nauli! Wahenga walisema wapiganapo tembo wawili ziumiazo nyasi. Mara hiyo moja nyasi zilinyeshewa. Safari za 1960 hazikuwachukua Wakenya peke yao. Walikwenda pia vijana wa Tanganyika, wa Uganda, na wa nchi ambazo leo ni Zambia, Malawi na Zimbabwe. Mpaka mpango ulipokwisha mwaka 1963, waliosafiri walikaribia mia nane.

Basi karatasi ya faida na hasara ikapata mistari mipya. Upande wa faida: nafasi ipo, tena sasa hivi, na hakuna anayekuuliza kama daraja lako ni la kwanza au la pili. Upande wa hasara: umbali, baridi, na maneno ya wakubwa. Maneno hayo yalikuwa makali. Maofisa wa serikali walisema vyuo vingi vya Marekani ni vya ovyo, kwamba shahada zao hazilingani na za Kiingereza, kwamba wanaokwenda huko ni makapi yaliyokataliwa na Makerere. Ni kweli vyuo havikulingana. Vingine vilikuwa vikubwa na vya sifa, vingine vidogo mno, katika miji isiyoonekana kwenye ramani ya darasani. Lakini wakubwa hawakuwa wakihofia ubora wa masomo peke yake. Walikumbuka kwamba Nkrumah na Azikiwe walisoma Chuo cha Lincoln kule Pennsylvania, na waliona walichorudi nacho Afrika Magharibi. Walikumbuka kwamba Mbiyu Koinange alisoma Marekani na aliporudi Kenya akaanzisha chuo cha walimu Githunguri mwaka 1939 bila kuwasubiri wao. Na pale Nairobi alikuwapo Dakta Gikonyo Kiano, aliyepata shahada ya udaktari wa falsafa Berkeley, California, mwaka 1956. Huyu alishirikiana na Mboya kuwachagua wa kusafiri. Mtu akikuambia shahada ya Marekani haifai, ulikuwa unaweza kumwonyesha Kiano kwa kidole.

Wazee nao walikuwa na neno lao, na neno la wazee halikutoka ofisini. Usiache mbachao kwa msala upitao. Makerere, hata kama nafasi yenyewe ilikuwa ya kungojea mwaka mzima, ilikuwa mbachao. Marekani ilikuwa msala unaopita, tena unapita angani.

Nilipata kumfahamu mzee mmoja, sasa ni marehemu, aliyefanya kazi ya ukarani katika reli kule Tabora. Mwaka 1960 alikuwa na barua ya chuo kimoja cha Marekani inayomkubali. Barua hiyo aliitunza ndani ya bahasha ya nailoni mpaka alipokufa. Niliiona mwenyewe, imekunjwa mara nne na mikunjo imeanza kukatika. Masomo yalikuwa bure, lakini alitakiwa awe na fedha kidogo za kuanzia maisha. Ukoo ukakaa. Ng'ombe wakahesabiwa. Mjomba wake, ambaye ndiye aliyekuwa na mifugo, akauliza swali moja tu: "Akifia huko, tutamzika wapi?" Hakuna aliyekuwa na jibu, na kikao kikavunjika. Alibaki kwenye reli. Uhuru ulipokuja, Wazungu wakaanza kuondoka, viti vikawa wazi, naye akapandishwa cheo mara mbili kwa miaka michache. Nilimwuliza siku moja kama alikosea. Akanijibu, "Sikukosea, wala sikupatia."

Nimekitaja kikao hicho kwa makusudi. Tunaposema mwanafunzi alipima, tunajidanganya kidogo. Katika mizani ile walikuwamo mbuzi wa mama, kishamba cha babu, na michango ya waumini wa kanisa au ya majirani wa mtaa. Kule Kenya ziliandaliwa karamu za chai za kuchangisha, kila mtu anatoa shilingi yake na jina lake linaandikwa. Mtoto aliyeondoka kwa fedha za namna hiyo hakuwa anajichagulia chuo. Alikuwa amebebeshwa deni ambalo hakuna benki inayoweza kulipigia hesabu. Na kama mtoto mwenyewe ni wa kike, basi swali la mjomba liliongezewa la pili: akirudi ana miaka ishirini na mitano, ataolewa na nani?

Mmoja wa watoto wa kike waliovuka ni Wangari, ambaye ulimwengu ulikuja kumjua kwa jina la Wangari Maathai. Alimaliza Loreto Limuru, na njia ya kawaida kwa msichana mwenye akili kama yeye ilikuwa kuitazamia Makerere. Badala yake mwaka 1960 aliondoka katika safari hizo hadi Chuo cha Mount St. Scholastica, chuo cha masista katika mji mdogo wa Atchison, jimbo la Kansas. Wakiwa njiani kwa basi kutoka New York, wakafika katika jimbo la Indiana, wakataka kununua vinywaji baridi. Wakaambiwa wanaweza kununua, lakini hawawezi kukaa ndani ya mkahawa kuvinywa. Huo ndio mstari ambao haukuwamo kwenye karatasi ya mtu yeyote. Wale maofisa walioiponda Marekani walizungumzia viwango vya shahada, hawakuzungumzia mkahawa. Na wao wangewezaje, hali hoteli za Nairobi zilikuwa na mkahawa huohuo?

Alipata shahada ya kwanza mwaka 1964, akaendelea Chuo Kikuu cha Pittsburgh kwa shahada ya pili. Mwaka 1966 akarudi Nairobi na barua mkononi iliyomwahidi kazi katika idara ya zuolojia ya chuo kikuu. Alipofika kuripoti akaambiwa kazi hiyo amepewa mtu mwingine. Mwenyewe aliamini kwamba kabila lake na ujinsia wake ndivyo vilivyomnyima. Hapo, ndugu msikilizaji, ndipo ninapoona kiini cha habari yote. Vijana wa 1959 walitumia wino mwingi kuuliza chuo gani ni bora. Chuo kilifanya kazi yake. Kansas ilimfundisha biolojia, na Pittsburgh ikaongeza. Swali lililobaki lilikuwa la nyumbani: nani anakungoja mlangoni utakaporudi? Bahati nzuri profesa mmoja Mjerumani wa upande wa tiba ya wanyama alimchukua, na mwaka 1971 Wangari akapata shahada ya udaktari, mwanamke wa kwanza kufanya hivyo Afrika Mashariki na ya Kati. Hiyo aliipata wapi? Chuo Kikuu cha Nairobi, kile kilichokuwa kichanga alipoondoka.

Mlango wa nyumbani uliwaumiza zaidi waliokwenda upande wa pili wa dunia. Mwaka 1960 Moscow ilifungua chuo cha urafiki wa mataifa, ambacho mwaka uliofuata kilipewa jina la Patrice Lumumba. Oginga Odinga, mpinzani wa Mboya katika kila jambo, naye alitembelea Moscow na Peking mwaka huohuo na kuanza kupeleka vijana wake. Kwa mtu wa karatasi ya faida na hasara, Moscow ilikuwa inavutia mno. Masomo bure, malazi bure, posho ya kila mwezi, nauli pia, na hakuna karamu ya chai ya kuchangisha. Upande wa hasara uliandikwa: kujifunza Kirusi kwanza, na pasi ya kusafiria ambayo serikali ya kikoloni haikuwa tayari kuitoa, hata wengine wakalazimika kuzunguka kupitia Sudan na Cairo kama wafanyabiashara wa magendo. Baadaye ikaongezwa hasara ya tatu. Desemba 1963 wanafunzi wa Kiafrika waliandamana hadi Uwanja Mwekundu wa Moscow baada ya kifo cha mwenzao wa Ghana, wakilalamikia ubaguzi. Kumbe mkahawa wa Indiana ulikuwa na tawi!

Lakini wengi walivumilia, wakahitimu, wakarudi. Walirudi wakakuta Odinga anasukumwa nje. Mwaka 1966 alijiuzulu umakamu wa rais, na mwaka 1969 chama chake kikapigwa marufuku naye akawekwa kizuizini. Shahada ya Moscow ikawa kama shati la chama kilichoshindwa. Uhandisi ni uhandisi, daraja halijui kama aliyelichora alisoma Moscow au Manchester. Ila anayetoa ajira anajua. Hata upande wa Mboya haukuwa salama. Julai 5, 1969 alipigwa risasi katikati ya Nairobi. Waliokuwa wakitambulika kuwa ni vijana wake wakabaki na shahada zao bila mlezi. Hata hivyo wao walikuwa na bahati moja kubwa: walianza kurudi wakati wa Uhuru wa 1963 na baada yake, serikali ilipokuwa na njaa ya wasomi, na njaa hiyo haikuchagua sana. Yale maneno ya makapi ya Makerere yalipotea kimyakimya. Aliyekuwa makapi mwaka 1959 alikuwa mkurugenzi kabla ya mwaka 1970.

Na waliobaki Makerere? Ngugi wa Thiong'o aliingia pale mwaka huohuo wa 1959 ndege ya kwanza ilipoondoka. Kama angekwenda ng'ambo asingekuwapo Juni 1962, pale waandishi wa Afrika walipokutana chuoni hapo, naye kijana akampa Chinua Achebe mswada wake wa riwaya auangalie. Hiyo ni faida ambayo hakuna ada inayoweza kuinunua. Wazee walikuwa sahihi juu ya mbachao. Walikuwa sahihi kwa miaka kumi na kitu hivi. Januari 1971 Idi Amin alitwaa madaraka, na mwaka 1972 Makamu Mkuu wa Chuo, Frank Kalimuzo, akachukuliwa, hakuonekana tena. Wahadhiri wakatawanyika, wengine hadi hapa kwetu. Agosti 1976 askari waliingia chuoni wakawapiga wanafunzi katika mabweni. Kile kilima ambacho mwaka 1959 kilikuwa mahali salama kuliko pote Afrika Mashariki kilikuwa mahali pa hofu. Nani angeliandika hilo upande wa hasara?

Kwetu Tanganyika hesabu ilikuwa ya namna nyingine. Mwalimu alizoea kukumbusha kwamba Waingereza walipoondoka walituachia wahandisi wawili na madaktari kumi na wawili. Oktoba 25, 1961, wiki chache tu kabla ya Uhuru, chuo kikuu kishiriki kilifunguliwa Dar es Salaam katika jengo la TANU, mtaa ambao leo unaitwa Lumumba. Kitivo kilikuwa kimoja tu, cha sheria, na wanafunzi hawakufika kumi na watano. Kwa nini sheria? Kwa sababu Afrika Mashariki nzima haikuwa na mahali pa kusomea sheria. Mkoloni hakuwa na hamu ya kuzalisha mawakili weusi. Jaribu kufikiri kijana wa wakati ule anayeombwa aache joho jekundu la Makerere aje asome kwenye jengo la chama, chuo hakina jina, hakina hata mhitimu mmoja wa kumwuliza. Mchagua nazi hupata koroma, na wengi lazima walidhani kwamba hiyo ndiyo koroma yenyewe. Mwaka 1963 vyuo vitatu vya Kampala, Nairobi na Dar es Salaam vikawa Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, Mwalimu akiwa Mkuu wake, mpaka kilipogawanyika 1970. Kwa miaka hiyo swali la chuo lilijibiwa na somo. Aliyetaka uhandisi alikwenda Nairobi, aliyetaka sheria alikuja Dar es Salaam, awe Mkikuyu au Mganda.

Chuo kikahamia Mlimani mwaka 1964, na miaka miwili baadaye bei yake ikajulikana. Serikali ilitangaza kwamba wahitimu watakwenda Jeshi la Kujenga Taifa, na kwa sehemu kubwa ya muda huo watalipwa asilimia 40 tu ya mshahara. Oktoba 22, 1966 wanafunzi wakavaa majoho, wakaandamana hadi Ikulu, wakiwa na mabango. Moja likasema hali ilikuwa bora wakati wa ukoloni. Mwalimu aliwasikiliza, kisha akawarudisha makwao karibu mia nne. Siku hiyohiyo akatangaza kupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Wengi wao walikuja kurudishwa masomoni. Mimi sikubaliani na kila kitu kilichofanyika siku ile, kwa upande wowote, lakini jambo moja lilielezwa waziwazi kwa mara ya kwanza: kwamba elimu ya bure ina mwenye nayo, naye ni mkulima.

Chuo hichohicho kilichoanza katika jengo la chama, mwishoni mwa miaka hiyo ya sitini kilikuwa kinavuta watu kutoka mbali. Walter Rodney alikuja kutoka Guyana kufundisha historia. Yoweri Museveni, Mganda mwenye Makerere mlangoni kwao, alisoma Mlimani kuanzia 1967 hadi 1970, na ameeleza mwenyewe kwamba alivutwa na siasa za hapa. John Garang wa Sudan alipata shahada ya kwanza mwaka 1969 katika Chuo cha Grinnell, Iowa. Akapewa nafasi ya kuendelea Berkeley, ileile ya Dakta Kiano. Akaiacha, akaja Dar es Salaam kusoma uchumi wa kilimo cha Afrika Mashariki. Miaka kumi tu baada ya ndege ya Mboya kuondoka, kijana wa Kiafrika alikuwa Marekani, barua ya Berkeley mkononi, naye anaitazama Dar es Salaam kama wenzake walivyokuwa wakiitazama New York.

Haya yote nilimsimulia kijana wa jirani, si kwa mpangilio huu, maana chai ilikuwa inapoa na baba yake alikuwa akinikatiza. Alisikiliza kwa adabu. Kisha akaniuliza kitu ambacho sikukitegemea: wale waliorudi na kukuta mlango umefungwa, walifanya nini mwaka ule wa kwanza? Nilimwambia ninavyojua. Wengine walifundisha sekondari, wengine walikaa kwa kaka zao wakipeleka barua za maombi, wengine walirudi walikotoka na hawakuonekana tena. Akachukua kalamu, akageuza karatasi, akaandika upande wa nyuma ambao haukuwa na mstari wa katikati. Sikuona aliandika nini. Baba yake aliuliza kama nauli ya kwenda Asia inaweza kulipwa kwa awamu.

Dirisha la maombi linafungwa Ijumaa.